Kusagika kwa goti kwa wanamichezo wa umri mkubwa

Kusagika kwa goti (kwa lugha ya kitabibu: osteoathritisi ya goti) ni ugonjwa wa kiungo ambapo gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa na kupungua kidogo kidogo, hadi katika hatua ya mwisho mfupa unasuguana na mfupa. Ni tofauti na baridi yabisi, ambayo hutokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, na pia na jongo, linaloletwa na chembechembe za asidi ya yuriki. Makala hii inahusu matibabu ya hatua kali ya ugonjwa huo kwa watu waliovuka miaka 50 hivi na ambao bado wanacheza kwa ridhaa: wakimbiaji wa mbio za barabarani, waendesha baiskeli, wapanda milima, wachezaji wa tenisi na wale wa timu za maveterani wa mpira wa miguu.

Wagonjwa wengi humwuliza daktari maumivu yataisha lini. Mwanamichezo huuliza pia kama atarudi uwanjani. Maswali hayo mawili hayana jibu moja, kwa sababu tiba inayoondoa maumivu vizuri zaidi katika hatua kali, yaani goti bandia, ndiyo pia inayomwekea mtu mipaka katika baadhi ya michezo.

Jinsi goti linavyosagika

Goti hukutanisha mfupa wa paja, mfupa wa muundi na pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu laini linaloteleza, na katikati kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, viitwavyo menisko, vinavyosambaza uzito. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo likiharibika hujirekebisha kwa shida sana. Ugonjwa hauishii kwenye gegedu: mfupa wa chini yake huwa mgumu na kuotesha vijipembe pembeni, ngozi ya ndani ya kiungo huvimba na kutoa ute mwingi, na misuli ya paja hudhoofika kwa sababu mtu anaukwepa mguu unaouma.

Mara nyingi upande wa ndani wa goti ndio unaotangulia kuisha. Mguu hupinda taratibu na kuwa matege, na matege huongeza mzigo upande uleule ulioharibika. Dalili zake ni maumivu wakati wa kushuka ngazi au kuinuka kitini, goti kukakamaa asubuhi kwa dakika chache, kuvimba baada ya mazoezi na, katika hatua kali, maumivu ya usiku.

Je, michezo ndiyo chanzo?

Watu wengi huamini kwamba mbio humaliza magoti. Takwimu haziungi mkono imani hiyo kwa wakimbiaji wa ridhaa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa huu wa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Huenda baadhi ya tofauti hiyo inatokana na kwamba wenye magoti mabovu huacha kukimbia mapema, lakini hakuna dalili kwamba kukimbia kwa kiasi ni hatari kwa goti zima.

Kinachoharibu zaidi ni majeraha. Mtu aliyechanika kano za ndani ya goti au menisko akiwa kijana kwenye mpira ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa huu miaka 10 hadi 20 baadaye. Ndiyo maana maveterani wa mpira wa miguu huonekana mara nyingi kliniki wakiwa bado na miaka hamsini na kitu. Visababishi vingine ni uzito mkubwa, urithi na umri wenyewe.

Utambuzi

Daktari husikiliza maelezo, hupima goti na huagiza picha ya eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama. Kusimama ni muhimu, maana picha ya mtu aliyelala inaweza kuonyesha nafasi kati ya mifupa ambayo hutoweka mara anapokanyaga. Ukali hupangwa kwa kipimo cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 4 lina maana kwamba nafasi ya gegedu imekaribia kuisha au imekwisha na mifupa imebadilika umbo.

Hata hivyo picha na maumivu haviendi pamoja kila mara. Wapo wenye daraja la 4 wanaopanda milima, na wapo wenye daraja la 2 wasiolala usiku. Uamuzi wa upasuaji unaotegemea picha peke yake ni uamuzi mbaya.

Mazoezi na uzito

Mwongozo karibu wote wa kimataifa huanza na mazoezi, hata kwa goti lililochakaa sana. Msuli wa mbele wa paja ukiwa na nguvu hupokea sehemu ya kishindo ambacho vinginevyo kingepokelewa na mifupa. Mazoezi ya kawaida ni kukaa na kuinuka kitini polepole, kupanda kingazi kifupi, kunyoosha goti dhidi ya uzito na kusimama kwa mguu mmoja. Kwa kawaida huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla matokeo hayajaonekana wazi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika kama yanatulia ndani ya siku moja. Goti likivimba na kubaki limevimba kesho yake, kiasi kilizidi.

Jaribio moja la Denmaki lililochapishwa mwaka 2015 linafaa kuelezwa kwa kirefu. Wagonjwa 100 waliokuwa wamefikia hatua ya kustahili goti bandia waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walifanyiwa upasuaji kisha wakapewa mpango wa mazoezi, lishe, elimu, soli maalumu na dawa za maumivu. Nusu nyingine walipewa mpango huo bila upasuaji. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, karibu mara mbili ya wenzao. Lakini pia walipata madhara makubwa 24, dhidi ya 6 katika kundi la pili. Na katika kundi lisilopasuliwa, watu 13 tu kati ya 50 ndio walioomba upasuaji ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo goti bandia hufanya kazi vizuri zaidi, lakini wengi walioambiwa kwamba wamefika mwisho walikuwa bado na nafasi ya kusubiri.

Kwa mwenye uzito wa kuzidi, kila kilo 1 inayopungua huondoa mzigo wa takriban kilo 4 kwenye goti kwa kila hatua. Mwaka 2024 jaribio la dawa ya semaglutaidi kwa watu wanene wenye ugonjwa huu lilionyesha kwamba maumivu yalipungua pamoja na uzito.

Mwanamichezo hahitaji kuacha kila kitu. Mkimbiaji anaweza kuhamia baiskeli au kuogelea, au kupunguza kilomita na kukimbia kwenye udongo tambarare. Mpanda mlima hunufaika sana na fimbo mbili wakati wa kushuka. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume. Mwenye matege anaweza kusaidiwa na kifaa cha kuvaa kinachosukuma goti kutoka pembeni, ingawa wengi hukiacha kabatini baada ya miezi michache kwa sababu ya joto na msuguano.

Dawa na sindano

Dawa ya kupaka ya diklofenaki hupunguza maumivu na ni salama zaidi kuliko vidonge. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo katika miji ya Afrika ya Mashariki hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, vinaweza kusababisha vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Hatari kwa figo huongezeka mwili ukiwa umepungukiwa maji. Kwa hiyo desturi ya baadhi ya wakimbiaji ya kumeza kidonge kabla ya mbio ndefu ni ya hatari hasa kwa watu wazima. Parasetamoli ina nguvu ndogo kwa ugonjwa huu. Glukosamini ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583 katika utafiti wa mwaka 2006, na kwa jumla haikuishinda dawa bandia.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa. Inafaa kwa goti lililowaka ghafla, si kama mazoea: katika jaribio la mwaka 2017, wagonjwa waliochomwa kila wiki 12 kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Tena haifai kuchomwa steroidi katika miezi 3 kabla ya upasuaji wa goti bandia, kwani huongeza hatari ya maambukizi. Sindano za asidi ya hayaluroni husaidia kidogo tu. Zile za chembe sahani za damu ya mgonjwa mwenyewe huuzwa kwa bei kubwa, lakini jaribio la Australia la mwaka 2021 kwa watu 288 wenye ugonjwa wa wastani halikuona faida kuliko maji ya chumvi. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba sindano za seli shina huotesha gegedu jipya katika goti lililokwisha.

Upasuaji

Kuingiza kamera ndogo na kusafisha goti kulikuwa maarufu kwa miaka mingi. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 180 ambapo baadhi walichanjwa ngozi tu bila kuguswa ndani. Baada ya miaka 2 hapakuwa na tofauti kati yao na waliosafishwa kweli. Leo upasuaji huo haushauriwi kwa goti lililosagika.

Osteotomia ni kuukata mfupa wa muundi karibu na goti na kuunyoosha, kisha kuufunga kwa bamba la chuma, ili uzito uhamie upande ambao bado una gegedu. Huwafaa wenye matege na ugonjwa wa upande mmoja, hasa walio chini ya miaka 60 na wenye shughuli nyingi. Mfupa huchukua miezi kadhaa kuunga. Faida yake kwa mwanamichezo ni kwamba goti linabaki la kwake, na mfupa ukishaunga anaweza kukimbia tena au hata kucheza mpira. Upasuaji huu haudumu milele, lakini mara nyingi huahirisha goti bandia kwa miaka 10 au zaidi.

Goti bandia la nusu hubadilisha upande mmoja tu. Kupona ni haraka zaidi na mgonjwa huhisi goti kuwa la kawaida zaidi. Jaribio la Uingereza la watu 528, lililochapishwa mwaka 2019, lilikuta matokeo ya miaka 5 yakilingana na ya goti bandia zima.

Katika goti bandia zima, ncha za mifupa hukatwa na kuvikwa vyuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromi upande wa paja, na katikati huwekwa plastiki ngumu. Umbo linalotumika leo lilitokana kwa sehemu kubwa na goti lililobuniwa New York na Insall, Ranawat na Walker, lililoanza kutumika mwaka 1974. Takwimu za Australia na Finland zinaonyesha kwamba takriban asilimia 82 ya magoti bandia mazima hudumu miaka 25, na asilimia 70 ya yale ya nusu.

Wastani huo huficha jambo muhimu kwa wenye umri mdogo zaidi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Uingereza, mtu anayewekewa goti bandia akiwa na miaka 70 au zaidi ana uwezekano wa karibu asilimia 5 wa kurudiwa upasuaji maishani mwake. Kwa mwanamume aliye mwanzoni mwa miaka ya hamsini ni takriban asilimia 35. Upasuaji wa kurudia ni mgumu zaidi na matokeo yake ni duni. Hatari nyingine ni maambukizi, damu kuganda katika mishipa ya mguu na goti kukakamaa. Mgonjwa 1 kati ya 5 hivi haridhiki au hubaki na maumivu.

Kurudi michezoni

Kwa kawaida mgonjwa hutembea kwa msaada siku ileile au kesho yake, huendesha baiskeli ya mazoezi baada ya wiki chache, na hurudi kwenye michezo myepesi kati ya miezi 3 na 6. Nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima. Kutembea, kuogelea, baiskeli, gofu na tenisi ya wawili wawili hukubalika. Mpira wa miguu, mpira wa kikapu na mbio ndefu hukatazwa na madaktari wengi kwa kuhofia plastiki kulika na vyuma kulegea, ingawa baadhi yao siku hizi humruhusu mtu aliyekuwa mkimbiaji kukimbia kidogo.

Goti bandia hukunjika kufikia nyuzi 110 hadi 120 kwa wengi. Kiasi hicho kinatosha kwa kiti na baiskeli, lakini si kwa kuchuchumaa kikamilifu. Kupiga magoti hakuvunji goti bandia, ila wengi huona ni kugumu au kunauma. Kwa anayetumia choo cha kuchuchumaa, anayesali kwa kusujudu au anayelima kwa kuinama chini, hili ni suala la kila siku na linastahili kuulizwa kabla ya upasuaji.

Afrika ya Mashariki

Upasuaji wa goti bandia hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, pamoja na hospitali kadhaa za misheni na za binafsi. Zamani wagonjwa wengi wenye uwezo walisafiri India, na baadhi bado husafiri. Anayepasuliwa mbali na nyumbani hukosa mara nyingi sehemu inayochosha zaidi ya tiba, yaani wiki nyingi za fiziotherapia. Goti lisilokunjwa na kunyooshwa kila siku katika miezi ya mwanzo linaweza kukakamaa, na kulilegeza baadaye huhitaji kulala tena kwa nusukaputi.