Njia ya Reli ya Mombasa na Picha Zake: Funzo kwa Watu wa Mbwajumali



Katika kijitabu hiki cha mwaka huwa twasoma hesabu za michango, misiba na karo za watoto. Ni wajibu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini historia nayo ni mali, na picha ni mojawapo ya daftari zake. Kwa hivyo yafaa tuitazame njia ya reli itokayo Mombasa: jinsi ilivyojengwa, jinsi ilivyopigwa picha, na jinsi inavyotuhusu sisi watu wa visiwani ambao hatujapata kusikia honi ya gari la moshi nyumbani kwetu.

Serikali ya Kiingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii mwaka 1895, na mwaka uliofuata reli ya kwanza ikalazwa Mombasa. Mwezi wa Mei 1899 njia ilifika Nairobi, mahali ambapo wakati huo palikuwa kinamasi na malisho ya ng'ombe, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu. Upana kati ya chuma na chuma ulikuwa mita moja, na urefu wa njia nzima ulizidi maili 580. Kutoka Bara Hindi waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000. Kati yao karibu 2,500 walifariki kwa maradhi na ajali. Huko Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwanyakua watu kambini kwa miezi kadhaa, hata kazi ya daraja ikasimama, mpaka msimamizi wake, J. H. Patterson, alipowaua mwezi wa Desemba.

Mambo hayo twayajua kwa maandishi, na kwa picha pia. Patterson mwenyewe alikuwa na kamera, na kitabu chake cha mwaka 1907 kina picha za daraja, za kambi na za simba waliouawa. Mpiga picha William D. Young naye alipiga picha nyingi za njia hiyo. Katika picha za zama hizo mtu aweza kuona mabehewa yakiteremshwa kwa kamba za chuma kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kabla njia ya kudumu haijamalizika, na madaraja marefu ya chuma yaliyotoka Marekani, 27 kwa jumla, yakivuka mabonde ya Mau.

Hata hivyo picha husema kweli nusu tu, ikiwa aliyeiandika hakuikamilisha. Mara nyingi chini ya picha hizo pameandikwa jina la daraja, au la Mzungu aliyesimama mbele na kofia yake. Wale waliobeba mataruma mabegani, Wahindi kwa Waafrika, huitwa makuli au wapagazi, basi. Nyuso zao zaonekana wazi, lakini mjukuu wa mmoja wao akiitazama picha ile hana njia ya kujua kwamba yule ni babu yake. Huo ndio msiba wa picha isiyo na majina: huhifadhi sura na kumzika mwenye sura.

Ama sisi, reli haikufika kwetu, lakini athari yake ilifika. Zamani Lamu, Pate, Siyu na Faza zilikuwa na biashara yao, na majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Reli ilipomalizika, bidhaa za bara zilimiminika Kilindini, meli zikazifuata, na vijana wakafuata meli. Kuondolewa kwa utumwa mwaka 1907 kuliyapunguza mashamba ya wenye mali, na bandari zetu zikabaki na boriti za mikoko na samaki. Hapana shaka nyumba nyingi katika mji wetu zina mtu aliyekwenda Mombasa kutafuta riziki. Chama cha kusaidiana kama hiki ni tunda la safari hizo.

Sasa tuitazame njia mpya. Tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyojengwa na kampuni ya Kichina, sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Upana wake ni milimita 1,435, na urefu wake kilomita 472. Safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa huchukua kiasi cha saa tano. Mwaka 2019 njia hiyo iliendelezwa hadi Suswa. Mwenye kutaka kupiga picha za zamani na za sasa kwa pamoja na aende Tsavo, ambako reli mpya imeinuliwa juu ili tembo wapite chini yake, na njia ya mita moja ingali karibu. Nairobi, katika jumba la makumbusho ya reli, vimo vichwa vikubwa vya moshi vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, pamoja na behewa ambamo Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900.

Lakini mpiga picha mwenye busara hataishia kwenye chuma kinachong'aa. Gari la abiria la njia ya zamani lilipokoma mwaka 2017, vituo vidogo vilivyoishi kwa kuuza chai na ndizi dirishani vilinyamaza. Mombasa nayo ilionja iliyotuonjesha: shehena zilipoamriwa kupelekwa Nairobi kwa reli, wenye malori na mabohari walilalamika kwamba mji wao unakufa, mpaka Serikali ilipoiondoa amri hiyo mwaka 2022. Basi tusidhani kwamba reli huleta neema kila ipitapo. Reli huhamisha riziki; humpa huyu na kumpokonya yule.

Jambo hili latuhusu leo kuliko jana. Tarehe 2 Machi 2012, wakuu wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua Lamu mpango wa bandari, barabara, mabomba na reli ya kwenda bara. Gati la kwanza katika ghuba ya Manda lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Reli haijajengwa, lakini bahari imekwisha kuchimbwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika shauri la namna hiyo mtu huulizwa: ulivua wapi, na nani akujua? Asiye na ushahidi hubaki na kiapo chake tu.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila nyumba itafute picha za wazee waliofanya kazi bandarini, katika reli na majahazini, na nyuma ya kila picha yaandikwe majina, mahali na mwaka, wangali hai wanaozijua nyuso hizo. Pili, vijana wenye simu wapige picha za mikondo, mikoko, madau na madiko yetu kama yalivyo sasa, na kuandika tarehe. Tatu, nakala ziwekwe katika sanduku la chama pamoja na daftari zake. Wapo wazee na mama zetu wasiopenda kupigwa picha. Hiyo ni haki yao, na maneno yao yaandikwe badala ya sura.

Waliojenga reli ya kwanza walipigwa picha na wageni, wakaandikwa na wageni. Ya pili ikija kwetu, na itukute tumekwisha kujiandika wenyewe.