Pumu na Maji ya Mkonge

Fungueni madaftari, mwandike juu neno moja: mkonge. Leo tutasoma historia ya dawa za pumu, na tutaianzia Upareni, kwenye mashamba ya mkonge ya Kisangara na Ndungu, chini ya milima.

Mkonge ni mgeni katika nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kufika mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 200,000 za katani kwa mwaka.

Sasa twaeni hesabu. Katika kilo 100 za majani, katani ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni nyama ya jani na maji. Korona ikiponda majani, maji hayo hutiririka mferejini, yananuka na kuwasha ngozi. Nani angedhani kuwa ni mali?

Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa mpya, kotisoni. Ilipunguza uvimbe, na baadaye ikaonekana kuwa husaidia pumu pia, kwa sababu katika pumu njia za pumzi huvimba kwa ndani. Lakini ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa kazi ndefu na gharama kubwa. Basi wataalamu wakatafuta mmea. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, waliofanya kazi Uingereza, waliandika kwamba mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki yana hekojenini. Maji yakaachwa yachachuke, tope lake likakusanywa, na kampuni ya Glaxo ikatengeneza kotisoni, kisha betamethasoni. Mwaka 1972 ikatoka beklometasoni, dawa ya ukoo huo, ya kuvuta kwa mdomo.

Hapa wengi huchanganya. Salbutamo, iliyotoka mwaka 1969, hulegeza misuli ya njia za pumzi. Mgonjwa hupata nafuu kwa dakika chache. Beklometasoni haiokoi mtu aliyekwisha kubanwa. Hiyo huzuia uvimbe polepole, kwa hiyo hutumiwa kila siku, hata mtu akijiona mzima. Akisha kuvuta, muuguzi humwambia asukutue kinywa kwa maji, la sivyo huota utando mweupe ulimini.

Na mfanyakazi je? Katika miaka ya 2000 uchunguzi wa mashamba ya mkonge ya Tanzania ulionyesha kuwa watu wa korona na brashi walisumbuliwa na kikohozi kuliko wasiovuta vumbi hilo. Mmea uliotoa dawa ndio uliowabana kifua, na dawa ilirudi kutoka ng'ambo kwa bei. Sioni haki hapo.

Kwa juma lijalo, andikeni sentensi tano juu ya kazi ya korona. Wasiojua wawaulize wazee.