Gunsmoke: Miaka Tisa ya Marshali Dillon Redioni

Kipindi cha kwanza cha Gunsmoke kilirushwa na CBS tarehe 26 Aprili 1952, wakati ambapo televisheni ilikuwa imeshaanza kuinyang'anya redio wasikilizaji wake kote Marekani. Hata hivyo mchezo huo wa redio ulidumu hadi 18 Juni 1961, kwa sababu waasisi wake, mwongozaji Norman Macdonnell na mtunzi John Meston, waliamua kumheshimu msikilizaji kama mtu mzima. Michezo ya wachunga ng'ombe iliyotangulia ilikuwa ya watoto, na shujaa wake hakosei wala hachoki. Meston, mzaliwa wa Pueblo, Colorado, aliijua nchi ile na watu wake, akamtunga Marshali Matt Dillon wa Dodge City, Kansas, anayechoshwa na kuua na ambaye mara nyingine hufika mtu akiwa ameshakufa. Daktari wa mji, aliyeigizwa na Howard McNear, hasa mwanzoni, alifurahia maiti kwa sababu ya ada ya kuzipima. Kati ya wahusika wengine, Chester aliigizwa na Parley Baer, na Kitty na Georgia Ellis, na kila mmoja wao anastahili shukrani zetu.

Wapo wanaosema siri yote ilikuwa sauti nzito ya William Conrad, aliyeigiza Dillon. Sauti ile ni hazina, lakini peke yake isingetosha. Sikiliza Dillon anapotoka ofisini: mlango unalia, buti zinagonga mbao za kibaraza, vyuma vya visigino vinalia hatua kwa hatua, mbwa anabweka mbali, na kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Redio nyingi za wakati ule ziliogopa ukimya kama moto. Macdonnell aliwaachia mafundi wake wa milio, akina Tom Hanley na Ray Kemper, nafasi ambayo wengine wangeijaza maneno, na msikilizaji akauona mji mzima kwa masikio. Conrad naye alijua kunyamaza, na huo ndio ufundi wake mkubwa.

Hoja nyingine ni kwamba televisheni ndiyo iliyoipa Gunsmoke jina. Ni kweli ilidumu huko miaka 20, kuanzia 1955 hadi 1975, kwa vipindi 635, James Arness akiwa Dillon. Zikafuata filamu za televisheni kuanzia 1987 hadi 1994. Ila vipindi vingi vya miaka ya mwanzo vilitokana na hadithi za Meston zilizokwisha kusikika redioni, na Macdonnell mwenyewe alikuja kuwa mtayarishaji wa Gunsmoke ya televisheni. Waigizaji wa redio hawakuchukuliwa kwenda kwenye televisheni, jambo ambalo halikuwa jepesi kwao, lakini waliendelea kuja mbele ya kipaza sauti kwa miaka sita zaidi, kwa moyo uleule.