Mteja Hajalipa: Namna ya Kudai Ujira wa Kalamu

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee wetu. Sisi tunaoishi kwa kalamu tunajua kuna wagonjwa wasioinywa dawa hiyo mpaka washikiwe kikombe.

Miaka michache nyuma niliandikia shirika moja mjini Kisumu ripoti kuhusu wavuvi na kina mama wauza samaki wa ufuo wa Dunga. Tulikubaliana Sh84,000, kwa mdomo, juu ya kikombe cha chai. Kazi ikapokelewa, nikasifiwa. Pesa? Mara meneja amesafiri, mara wafadhili hawajatuma. Nilikula ahadi miezi mitano. Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyojifunza.

Andika kabla hujaanza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni, nayo inaamrisha liandikwe na lishuhudiwe. Nami Muislamu nilisahau! Andikeni kazi ni ipi, bei gani, italipwa lini. Omba malipo ya awali. Siku hizi sipandi basi la Kisumu kabla ya kupokea nusu.

Toa ankara kamili. Iwe na nambari, tarehe, maelezo ya kazi, siku ya mwisho ya kulipa na akaunti yako. Tangu Januari 2024, biashara huhitaji ankara ya eTIMS ili gharama yake ikubaliwe na KRA katika hesabu ya kodi. Jisajili mapema, usimpe mteja kisingizio.

Dai kwa hatua. Siku ya malipo ikipita, tuma ukumbusho wa adabu. Baada ya wiki, piga simu, kisha uandike mliyozungumza na umtumie. Akinyamaza, mpe barua rasmi ya madai: kiasi, kazi, tarehe, na muda wa siku 14. Ipeleke mwenyewe ofisini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimtukane wala kumwanika mitandaoni. Huenda ukageuka wewe mshtakiwa.

Mahakama ipo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ni ya mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Nairobi Aprili 2021. Kisumu nayo inayo. Hupokea madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya huduma, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Waweza kujisimamia bila wakili. Haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi, kwa hivyo hifadhi barua pepe, jumbe za WhatsApp na nakala ya kazi yenyewe. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria pekee. Ukishinda na bado hulipwi, rudi uombe hukumu itekelezwe. Usilale sana: dai la mkataba hupitwa na wakati baada ya miaka 6.

Mpime mdaiwa wako. Aya ya 280 ya sura ile ile inatutaka tumpe muda aliye katika dhiki. Mteja aliyekwama kweli, kubalianeni alipe kidogo kidogo, kwa maandishi. Lakini mwenye uwezo anayekuzungusha hana dhiki, na kumvumilia si wema.

Mimi sikufika mahakamani. Jumbe za WhatsApp zilikuwa zimetaja kazi na bei, nikaziambatisha kwenye barua ya madai. Siku ya tisa pesa ziliingia benki, alhamdulillahi. Mteja yule hakunipigia tena. Miezi yote mitano nilinyamaza kwa kuogopa kumpoteza, kumbe nilichokuwa nikikichunga ni mtu asiyelipa.