Mali kauli katika njia ya Nanganga

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, biashara ya bonde la Lukuledi na uwanda wa juu wa Makonde iliendeshwa kwa mali kauli: bidhaa hutolewa leo kwa ahadi ya mdomo, na malipo hufuata mavuno yakishatoka au msafara ukisharudi. Nanganga, kijiji cha Wilaya ya Masasi, kipo pale ambapo barabara ya Ruangwa inachepuka kutoka ile itokayo pwani kwenda Masasi. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, ikitazama bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe. Mali za sehemu zote hizo zimekuwa zikiteremshwa Lindi, Mikindani na baadaye Mtwara, na waliozibeba na kuzinunua hawakuwa wa ukoo mmoja wala lugha moja: Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamwera, Waswahili wa pwani, Wahindi. Ilibidi mgeni apate njia ya kumwamini mgeni. Njia hiyo imebadilika mara kadhaa tangu siku za misafara hadi leo, ambapo ujumbe mmoja wa simu hutumwa kwa maelfu ya watu kwa mpigo.

Katika karne ya 19 misafara, mingi ikiongozwa na Wayao, ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikiwa na pembe za ndovu na watumwa, ikashuka hadi Kilwa, Lindi na Mikindani, kisha ikarudi na nguo, shanga, baruti na bunduki. Uwanda wa Makonde wenyewe ulitoa sandarusi na mpira wa mwituni. Mtaji ulianzia kwa matajiri wa Kihindi wa pwani, ambao walimkopesha mfanyabiashara Mswahili, naye akamkopesha kiongozi wa msafara. Hapakuwa na mahakama ambayo ingeweza kumfuata mdaiwa hadi bara. Dhamana ilikuwa ndoa, udugu wa kuchanjiana na utani.

Utani unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi leo wanauona kuwa mzaha tu. Mtani aliruhusiwa kumtukana mwenziwe hadharani na hata kumnyang'anya kitu bila kuhesabiwa mkosaji, lakini huyohuyo ndiye aliyepaswa kuja msibani, kushughulikia maziko na kusema ukweli ambao ndugu wa damu hawakuthubutu kuusema. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, aliuhusisha na vita vya zamani na safari za misafara. Makabila yaliyopigana, kama Wangoni na baadhi ya watu wa kusini waliowashambulia, au yaliyokutana njiani kila mwaka, yaligeuza uadui na ugeni kuwa haki na wajibu unaojulikana. Msafiri aliyefika kijiji cha watani wake alikuwa na pa kulala na mtu wa kumsemea. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kuaminiana huko kulikuwa kwema kwa kila mtu. Minyororo ileile ya urafiki iliyomlinda mfanyabiashara ndiyo iliyomwezesha kumpeleka mtumwa pwani bila kusumbuliwa.

Mwaka 1890 uwanda wa Makonde ulitoa waraka ambao bado unasomwa katika vitabu vya historia. Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa na makao yake Luagala na aliyeshiriki sana biashara ya pwani, aliitwa na Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aje kujisalimisha. Alijibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema ameyasikia maneno hayo lakini haoni sababu ya kuyatii; kama kinachotakiwa ni urafiki, yuko tayari siku zote, ila kuwa chini ya mtu hawezi; na kama ni vita, yuko tayari pia. Wissmann alikuwa ametuma amri kwa mtu asiyemfahamu akitarajia itatekelezwa. Machemba alijibu kama mtu aliyezoea kwamba maneno ya mbali hupata uzito pale tu yanapofuatana na uhusiano. Alishikilia msimamo huo karibu miaka kumi, hadi alipolazimika kukimbilia Msumbiji mwaka 1899.

Chini ya uwanda, jambo jingine lilikuwa limeanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta Masasi watumwa walioachwa huru Zanzibar, watu waliokatwa na koo zao na waliolazimika kujenga ujirani upya. Matola, mtawala wa Kiyao wa Newala, aliwapokea wamisionari, na mwaka 1882, Wamagwangwara (Wangoni) walipoishambulia Masasi, kazi ya misheni ilihamia kwake. Wabenediktini nao walifungua Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Ukaribu na misheni ukawa dhamana mpya: aliyesoma Masasi au kutibiwa Ndanda alikuwa na jina lililojulikana mahali fulani.

Chini ya Waingereza, duka la Mhindi lilishika nafasi ya msafara. Mwenye duka alinunua ufuta, mtama na muhogo, akauza chumvi, khanga na mafuta ya taa, akaandika madeni kwenye daftari. Serikali haikupenda madeni hayo. Sheria ya Tanganyika iliyozuia Waafrika kukopeshwa, iliyotungwa miaka ya 1920 na kukazwa mwaka 1931, ilimnyima mkopeshaji asiye Mwafrika haki ya kudai deni mahakamani bila kibali maalumu. Ilitungwa kwa madai ya kumlinda mkulima, lakini pia ilimfungia mlango wa mikopo ya halali. Mikopo haikukoma. Iliendelea kwa neno tu, kati ya watu waliokuwa wakionana kila wiki, na aliyekuwa mgeni kijijini hakupata kitu.

Mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, uliacha bandari ya Mtwara pamoja na reli iliyofungwa mwaka 1962. Korosho ndiyo iliyodumu.

Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16, lakini ulikuja kuwa zao kuu la biashara la Newala na Masasi kuanzia karibu na Vita vya Pili vya Dunia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000. Kisha vijiji vya ujamaa vikawaweka watu mbali na mikorosho yao, bei ikabaki chini, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, na vyama vikuu vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Katika miaka hiyo mnunuzi pekee alikuwa shirika la umma, asiyemjua mkulima kwa sura, na mara nyingi alichelewa kulipa. Hapo ndipo wengi wa kusini walipojifunza kutoiamini ahadi inayotoka mbali.

Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walirudi, na pamoja nao kangomba. Mnunuzi wa kangomba huja wakati wa njaa, mvua zikiwa bado zinanyesha na ghala la chakula likiwa tupu, anampa mkulima fedha au mahindi, na mkulima anaahidi kumpa korosho msimu ukifika mwezi Oktoba. Bei hupangwa siku ya shida, si siku ya mavuno. Mara nyingi mnunuzi huyo ni mtu wa palepale: anajua nani ana mtoto wa kulipiwa ada, nani amefiwa, nani anatayarisha jando. Kwa muundo wake kangomba ni mali kauli iliyopinduliwa, kwa kuwa anayetoa ahadi sasa ni mwenye mali. Anayesifu biashara ya kujuana bila masharti angefaa kuanzia hapa, maana hakuna aliyemjua mkulima wa Newala vizuri kuliko mtu aliyemnunulia korosho kwa nusu ya thamani yake.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007 katika Mkoa wa Mtwara, ulikusudiwa kuvunja uhusiano huo. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, yaani AMCOS. Korosho zinapimwa na kupangwa madaraja ghalani. Vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, vinaitisha mnada. Mwanzoni wanunuzi walitumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, zikafunguliwa mbele ya wakulima, nao wakaamua kuuza au kukataa. Mnunuzi hahitaji kumjua mtu yeyote, na bei kwa jumla imekuwa bora. Lakini AMCOS iligeuka mahali pa kuaminiwa, na palipoonekana wizi au ucheleweshaji hasira zilikuwa kali: Aprili 2013 huko Liwale, Mkoa wa Lindi, nyumba zilichomwa kwa sababu ya malipo ya korosho. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada, na Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likiwa na kazi ya kuzisafirisha. Waliodai kuwa na zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa mashamba ili wa kangomba wajulikane. Zoezi hilo liliwanasa walanguzi, na liliwachelewesha pia wakulima wa kweli. Kuanzia msimu wa 2024 minada imefanyika kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na mnada wa kwanza wa TANECU mwaka huo ulipita shilingi 4,000 kwa kilo.

Simu ya mkononi iliingia katikati ya mabadiliko haya. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na ndani ya miaka michache mtu wa Nanganga aliweza kupokea fedha kutoka Dar es Salaam bila kumtegemea dereva wa basi. Njia iliyoleta fedha ilileta pia maneno ya watu wasiojulikana. Utumaji wa ujumbe wa biashara kwa halaiki una umri mkubwa kuliko intaneti yenyewe ya leo: Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwaandikia watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET wasiomwomba lolote. Hesabu yake haijabadilika. Msafara ulilipia kila neno kwa chakula na majuma ya kutembea, kwa hiyo hakuna aliyempelekea habari mtu asiyemhitaji. Kutuma kwa mashine kunagharimu kidogo mno kiasi kwamba jibu moja katika maelfu linatosha kuleta faida.

Matangazo ya bahati nasibu na miito ya waganga yanachosha, lakini yanajitambulisha. Ujumbe unaoagiza kwamba ile hela itumwe kwenye namba nyingine ni wa aina tofauti. Hautangazi kitu. Unajifanya sehemu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza, kama kwamba mwandishi ni mwenye nyumba, shangazi au mtoto aliye shuleni. Umeandikwa bila jina makusudi, ili mpokeaji mwenyewe alijaze. Katika nchi ya korosho, ambako malipo huingia kwa pamoja ndani ya miezi michache na karibu kila mtu anadaiwa na ndugu, ujumbe huo hauhitaji kulenga shabaha ili umpate mtu aliyekuwa kweli karibu kutuma fedha.

Serikali ilijibu kwa hatua kadhaa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kinachohusu ujumbe usioombwa. Kuanzia Mei 2019 laini zilisajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa namba 15040 ya kuripoti matapeli, na taarifa zake za robo mwaka zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro juu ya orodha ya mikoa yenye majaribio mengi. Namba moja ikifungwa, nyingine hufunguliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, mara nyingi mzee aliyesajiliwa laini mbili akidhani ni moja.

Mitandao ya kijamii imezigawa biashara kwa namna inayokumbusha mgawanyo wa zamani kati ya wageni na wanaojuana. Wapo wanaonunua wafuasi na kutumia programu zinazoacha maneno yaleyale ya sifa chini ya kila picha. Wapo pia wauza vitenge na samaki wakavu wanaotangaza kwenye status ya WhatsApp, ambayo kwa kawaida huonwa tu na watu waliohifadhiana namba na mwenye tangazo. Wateja ni wachache, lakini kila mmoja anajulikana, na mali kauli bado inatolewa humo. Mwaka 2019 WhatsApp yenyewe iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano tu kwa wakati mmoja.

Programu za mikopo ya simu, zile zinazoitwa kausha damu, zilifika mbali zaidi. Zilisoma orodha ya namba katika simu ya mkopaji, na siku ya malipo ilipopita zikawaandikia ndugu, wakwe na wafanyakazi wenzake kwamba fulani ni mdaiwa. Mwenye duka wa 1931 alijua aibu ina nguvu kuliko hakimu, lakini alilazimika kuonana na mdaiwa wake kesho yake, na kijiji kizima kingejua kama amezidisha ukali. Mashine haina kesho hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 pamoja na Tume yake, inamtaka anayekusanya namba za watu aeleze anazikusanya kwa kazi gani na asizitumie kwa nyingine. Kwa wakulima wa korosho swali hilo si la nadharia: ili kupata salfa ya ruzuku na kuuza kupitia AMCOS, mkulima anasajiliwa kwa jina, shamba na mawasiliano yake. Daftari ambalo zamani lilikaa chini ya kaunta ya duka moja sasa limo katika kompyuta, na linaweza kunakiliwa bila mwenye jina kujua.