Subira ya Nabii Yaakub

Subira ya Nabii Yaakub ni kisa cha huzuni na ustahimilivu kisimuliwacho katika Sura Yusuf, sura ya 12 ya Qurani Tukufu, iliyoteremshwa Makka, yenye aya 111. Wanawe walipomletea kanzu ya ndugu yao Yusuf iliyopakwa damu ya uongo, wakidai kuwa mbwa mwitu amemla, mzee yule, ingawa hakuwasadiki, aliazimia subira njema akamwomba Mwenyezi Mungu msaada (aya ya 18). Na baada ya miaka mingi, alipopata habari kuwa mwana mwingine naye amezuiliwa Misri, aliikariri azma ile ile (aya ya 83).

Lakini subira hiyo, na hapa ndipo tukoseapo tunapowahimiza wafiwa wanyamaze, haikuwa ugumu wa moyo, kwani alihuzunika hata macho yake yakawa meupe kwa majonzi, na alipolaumiwa kwa kumtaja Yusuf daima alijibu kuwa dhiki yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake, kisha akawaamuru wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mola (aya za 84 hadi 87). Hatimaye Yusuf alipatikana akiwa hai, na kanzu yake ilipowekwa usoni pa babaye, mzee akaona tena (aya ya 96).

Nabii Ayubu, ambaye kisa chake kina utendi mashuhuri katika fasihi ya Kiswahili, naye alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata, na juu ya hayo Qurani humsifu kuwa mwenye kusubiri (Sura Sad, aya ya 44).