Mkorosho Bora ni Upi? Historia ya Kuchagua Mbegu Mkoani Mtwara

 

Leo tunaanza na swali. Tuseme umesimama shambani kwako, iwe Nanyamba, Kitaya, Mahurunga au kule Msimbati karibu na mlango wa mto Ruvuma. Akaja mgeni akakuambia: "Hebu nionyeshe mkorosho wako ulio bora kuliko yote." Je, utamwonyesha upi?

Mmoja atakwenda moja kwa moja kwenye mti mkubwa wenye kivuli kipana. Mwingine ataonyesha ule uliojaa maua mwezi wa Julai hata majani hayaonekani. Wa tatu atasema, "Huu hapa, korosho zake ni kubwa kama gumba la mtu mzima." Watu watatu, majibu matatu, na kila mmoja anaamini ndiye mwenye haki.

Swali hili si mchezo. Mahindi ukikosea mbegu mwaka huu, mwakani utabadilisha. Mkorosho ukishapandwa hukaa shambani miaka thelathini, arobaini na zaidi. Ukichagua vibaya leo, atakayelipa ni mtoto wako. Kwa hiyo tuangalie jinsi watafiti wa kusini walivyohangaika na swali hili hili, na walivyojifunza kwamba macho peke yake hayatoshi.

MGENI KUTOKA BRAZIL

Mkorosho si mti wa asili yetu. Kwao ni kaskazini mashariki ya Brazil. Wareno ndio waliouleta pwani ya Afrika Mashariki na India katika karne ya 16. Ulipofika ukaipenda ardhi yetu ya kichanga, ukavumilia kiangazi, na kunguru, popo, nyani na watu wakaisambaza mbegu yake. Kwa muda mrefu mabibo ndiyo yaliyothaminiwa zaidi, ya kula na ya kutengeneza uraka. Korosho kuwa zao la biashara kubwa ni mambo ya karne ya 20, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, wanunuzi wa India walipohitaji korosho ghafi za kubangua katika viwanda vyao.

Wakulima wa Newala, Masasi, Mikindani na Lindi wakapanda kwa wingi. Walipanda nini? Walipanda korosho yoyote iliyopatikana. Aliyejitahidi aliokota korosho kubwa chini ya mti mkubwa, akazifukia mvua za Desemba zilipoanza. Hakuna wa kumlaumu. Hivyo ndivyo wakulima wa dunia nzima walivyochagua mbegu tangu zamani.

KAZI ILIYOFANYWA NACHINGWEA

Wazee wanakumbuka habari za Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Matrekta yalifyeka msitu wa Nachingwea na reli ikajengwa hadi Mtwara, lakini karanga hazikupatikana kama walivyotazamia. Kosa mojawapo kubwa lilikuwa kufanya haraka bila kwanza kupima udongo, mvua na mmea wenyewe.

Mpango ulipokufa, Nachingwea iliendelea kuwa mahali pa utafiti wa kilimo. Hapo ndipo, katika miaka ya 1960, mtafiti P. J. Northwood alipouchunguza mkorosho kwa karibu. Mwaka 1966 alichapisha maelezo juu ya maua na ushikaji wa matunda. Mwaka 1967 akachapisha mengine juu ya uzito wa mbegu na jinsi unavyohusiana na ukuaji na mavuno ya mti.

Tuanze na maua. Shada moja la mkorosho lina maua ya namna mbili. Yako maua dume, ambayo hayawezi kuzaa kamwe, na yako maua yenye jinsi mbili, ambayo ndiyo yanayoweza kuwa korosho. Maua dume ndiyo mengi zaidi. Na hata hayo yenye jinsi mbili, ni sehemu ndogo tu inayofika mwisho. Mengi hushika, yakafanya kikorosho kidogo cha kijani, halafu kikaanguka.

Si unaona sasa? Yule ndugu aliyeonyesha mti uliojaa maua hakukosea kabisa, lakini hakumaliza hesabu. Maua mengi si korosho nyingi. Inabidi kuuliza: katika maua hayo, mangapi yana jinsi mbili? Na katika hayo, mangapi yanabeba korosho mpaka ikomae?

Jambo la pili ni uzito wa mbegu. Hapa haisemwi korosho kubwa, inasemwa korosho nzito kwa kadiri ya ukubwa wake. Mbegu zilizojaa sawasawa ndizo zilizoota vizuri na kutoa miche yenye nguvu. Ndipo mabwana shamba wakawa wanafundisha: tia korosho za mbegu katika maji, zinazoelea zitupe, zinazozama zipande. Korosho kubwa sana mara nyingi ni ganda nene na nafasi tupu ndani. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MAVUNO YANAANGUKA

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka mwaka hadi mwaka, na msimu wa 1986/87 yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Wakati wa kuhamia vijijini, kati ya 1973 na 1976, wakulima wengi walijikuta mbali na mikorosho yao. Bei haikumtia mtu moyo wa kupalilia. Miti iliyopandwa kwa kusongamana ikafungana matawi.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1970 ukatambuliwa ugonjwa wa ubwiriunga. Huu ni ukungu mweupe kama unga, unaoshika majani machanga na mashada ya maua. Hupenda usiku wa baridi na hewa yenye unyevu, na majira hayo ndiyo mkorosho unapochanua. Shada likishikwa mapema hukauka bila kutoa hata korosho moja.

Ugonjwa huu uliwafundisha watafiti na wakulima jambo ambalo miaka mizuri ililificha. Katika shamba lile lile, udongo ule ule, mti mmoja ulikuwa mweupe wote na jirani yake umebeba. Miti haikuwa sawa. Kila mmoja uliota kutokana na mbegu yake, na kila mmoja ulikuwa na tabia zake.

KUHESABU, KUPIMA NA KULINGANISHA

Kazi ya utafiti wa korosho ilikuwa imekwisha kuhamia Naliendele, kiasi cha kilomita kumi kutoka mjini Mtwara. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Benki ya Dunia na serikali ya Uingereza, kituo hicho kilifanya kazi kubwa ya kudhibiti ubwiriunga kwa unga wa salfa na ya kutafuta miti bora. Miti iliyoonekana kuzaa vizuri iliwekewa kumbukumbu, mavuno yake yakapimwa msimu baada ya msimu. Mti uliozaa vizuri mwaka mmoja peke yake haukutosha, maana hata mti dhaifu huweza kubahatika.

Katika kazi ya namna hii mtafiti anauliza: ni sifa gani za mti zinazokwenda pamoja na mavuno? Anayechunguza pilipili hupata jibu upesi, kwa kuwa mche huota, huzaa na hupimwa katika msimu mmoja. Naye mara nyingi huona kwamba idadi ya matunda kwa mche ndiyo inayofuatana zaidi na mavuno, kuliko ukubwa wa tunda. Mkorosho unadai subira ya miaka, lakini maswali ni hayo hayo. Tuyachukue moja moja.

Kwanza, ukubwa wa mti. Mti mkubwa huzaa kilo nyingi kuliko mdogo, hilo ni kweli. Lakini unakula nafasi. Tuseme mti wa kwanza unafunika ardhi meta za mraba 100 na unatoa kilo 15, na mti wa pili unafunika meta 40 na unatoa kilo 10. Ukilinganisha kilo kwa kilo, wa kwanza umeshinda. Sasa chukua shamba ambalo miti inafunika meta za mraba 2,000. Ya aina ya kwanza itaingia 20 na kutoa kilo 300. Ya aina ya pili itaingia 50 na kutoa kilo 500. Kumbe mti mdogo ndio mzazi! Kwa sababu hiyo watafiti huhesabu mashada na korosho kwa kila meta ya mraba ya mwavuli wa majani. Huko Brazil walikwenda mbali zaidi, wakachagua mikorosho mifupi inayowahi kuzaa, na mwaka 1983 wakaitoa kwa wakulima aina iitwayo CCP 76.

Pili, idadi na uzito wa korosho. Sifa hizi mbili mara nyingi huvutana: mti wenye korosho nyingi huwa na korosho ndogo kidogo, na wenye korosho kubwa mno huwa nazo chache. Tuseme mti mmoja una korosho 2,000 za gramu 5, hizo ni kilo 10. Mwingine una korosho 1,000 za gramu 8, hizo ni kilo 8. Idadi imeshinda ukubwa. Lakini usikimbilie upande wa pili, maana korosho ndogo mno hushushwa daraja na mnunuzi. Inatakiwa mti wenye korosho nyingi za ukubwa wa kadiri.

Tatu, kiini. Mnunuzi anayejua kazi yake habangui ganda akalila. Anataka kujua katika kilo moja ya korosho ghafi atapata kiini kiasi gani. Miti miwili yenye kilo sawa inaweza kutofautiana sana hapa.

Nne, ugonjwa. Hakuna mkorosho usioshikwa kabisa na ubwiriunga, lakini iko inayoshikwa kidogo. Mti unaochanua kwa kipindi kifupi nao humpunguzia mkulima safari za kupuliza dawa.

Hivyo basi, mavuno si sifa moja. Ni mashada, mara maua yanayoshika, mara uzito, mara kiini. Sifa moja ikiwa mbovu sana, nyingine nzuri haziwezi kuiokoa.

MTOTO HAFANANI NA MAMA

Sasa umeupata mti wako bora. Utachukua korosho zake ukapande? Hapo ndipo wengi walipopotea. Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini kwa mkorosho methali hii haisaidii sana. Nyuki na wadudu wengine huleta chavua kutoka miti ya jirani. Mama unamjua, baba humjui. Miche ya mbegu za mti mmoja huweza kutofautiana kama watu sokoni.

Njia ya uhakika ni kubebesha. Unakata kikonyo cha mti bora na kukiunganisha na mche uliooteshwa kwa mbegu. Mche unatoa mizizi, kikonyo kinatoa korosho, na korosho hizo zina tabia zote za mti uliotoka kikonyo. Hata mkorosho mzee usiozaa unaweza kukatwa, machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vipya, na ukaanza kuzaa upesi kwa kuwa mizizi ipo tayari. Kwa njia hii Naliendele imetoa aina nyingi zilizochaguliwa, AC4 ikiwa moja ya zinazojulikana, na baadaye ikatoa chotara zilizopatikana kwa kukutanisha maua ya wazazi waliochaguliwa. Leo kituo hicho kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI.

Mavuno ya nchi yalipanda tena, na msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000. Tusiseme ni mbegu peke yake iliyofanya hivyo. Salfa, bei na mashamba mapya vilichangia sana. Lakini aliyepanda miche ya kubebesha alianza safari akiwa mbele.

NA WEWE SHAMBANI KWAKO

Ndugu mkulima, huhitaji maabara ili kuwajua wazazi wa shamba lako. Chukua rangi, weka alama miti kumi unayodhani ni bora. Kila moja iwe na gunia lake na ukurasa wake katika daftari. Pima kilo zake kwa misimu mitatu. Pima kwa hatua upana wa kivuli chake. Hesabu korosho zinazofanya kilo moja. Andika ni mti upi ulishikwa sana na ubwiriunga. Baada ya misimu mitatu, mwite bwana shamba mkae pamoja na daftari hilo kabla hujaamua upi ukatwe na upi utoe vikonyo. Na unapopanda upya, acha meta 12 kati ya mti na mti, maana hata aina bora ikifungana matawi itazaa juu tu, na huko chini utavuna kuni.

Pengine utakuta ule mti wa kivuli kipana uliousifu siku zote ni wa saba, na kale kamkorosho kafupi pembeni, ambako watoto hupita bila kukatazama, ndiko kanakolipa ada ya shule.